Barua ya wazi kwa wakuu wa TEHAMA: msiizeeshe seva nzima kwa ajili ya diski moja

Kwa wakuu wa vitengo vya TEHAMA katika taasisi za umma,
na kwa wale wanaowapitishia bajeti,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUTOA USOMAJI WA DISKI ZA ZAMANI NDANI YA KERNELI

Ndugu wakuu,

Salamu za kazi. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa seva. Kituo changu ni Kijitonyama, ila siku nyingi mtanikuta Posta, Upanga au Kurasini, nimeitwa kwenye ofisi ambayo "mfumo umegoma". Haya ninayoyaandika nimeyasema ofisi kwa ofisi, na jibu ni lilelile: tutalifanyia kazi. Kila ofisi inaamini tatizo ni la kwake peke yake, na kwa kuwa hakuna anayependa kulitaja mbele ya wenzake, linabaki limefungiwa kwenye chumba cha seva pamoja na kiyoyozi. Nimeona niliandike mahali ambapo wote mtalisoma kwa pamoja.

Mna seva ambazo hamzisasishi, na si kwa uvivu. Ndani yake, au pembeni yake, kuna diski za zamani ambazo kerneli mpya haizisomi tena. Ili ile njia moja ya kuyafikia mafaili ya zamani isipotee, mashine nzima inaachwa kwenye kerneli ya miaka mingi iliyopita, ikiwa na matundu ya usalama ambayo dunia nzima imekwisha kutangaziwa, na bado imechomekwa kwenye mtandao. Ninachoomba ni hiki: kazi ya kuzisoma diski hizo itoke ndani ya kerneli, iendeshwe kama programu ya kawaida, kwa msimbo uleule wa kerneli uliokuwa ukizisoma siku zote. Hapo seva itakuwa huru kusasishwa. Na awepo mtu anayelipwa kuitunza programu hiyo.

Kwa wale kati yenu ambao si mafundi, na najua wengi mmefika hapo kupitia utawala au uhasibu, niseme kwa kifupi. Kerneli ndiyo sehemu ya mfumo endeshi inayoshika kila kitu: kumbukumbu, diski, mtandao, na nani aruhusiwe nini. Programu nyingine zote zinakaa nje na kuiomba huduma. Katika mfumo endeshi wa Linux, msimbo unaojua kusoma mpangilio wa mafaili kwenye diski, yaani mifumo ya mafaili: ext4, XFS na ndugu zao zaidi ya hamsini, unakaa humo ndani ya kerneli, na humo hakuna ukuta kati ya sehemu moja na nyingine. Chukueni pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni. Abiria akizimia sitahani, watu watampepea, atapewa maji, na chombo kitafika ng'ambo. Chumba cha injini kikishika moto, hakuna atakayefika, awe amelipa nauli au amepita kwa kitambulisho. Msimbo wa kusoma diski ya mwaka 2004 tumeuweka chumba cha injini.

Nitoe mfano mmoja nilioushuhudia, na jina la ofisi naliacha. Ni asubuhi, foleni imefika barazani. Karani ana flashi aliyotoka nayo steshenari ya jirani, ina fomu za posho. Kompyuta yake ya mezani imezibwa matundu ya flashi kwa agizo la kitengo, jambo zuri kabisa, kwa hiyo anamwomba kijana wa TEHAMA aichomeke kwenye seva, "dakika moja tu". Kijana anaichomeka. Mpangilio wa mafaili kwenye ile flashi umeharibika, na kerneli ile kongwe ilipojaribu kuipachika, yaani kuiunganisha ili mafaili yasomeke, ikasimama hapohapo. Skrini ikajaa mistari myeupe kwenye weusi, kibodi haijibu, madirisha yote ya huduma yakagoma kwa pamoja. Wananchi wakaambiwa mtandao hakuna, wakarudi kwao Mbagala na Gongo la Mboto. Mtandao ulikuwepo. Ulikuwepo tangu asubuhi.

Kama usomaji wa flashi ile ungefanywa na programu ya kawaida, programu hiyo ingekufa peke yake, karani angeambiwa flashi yako mbovu, na foleni ingeendelea kusogea.

Msidhani hili ni tatizo la flashi za Kariakoo. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft wenyewe, ziliangushwa na sasisho la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta. Draiva yao, yaani kipande cha msimbo wao kilichokuwa ndani ya kerneli, ilisoma faili la data lenye kasoro, ikajikwaa, na kila mashine ikaanguka nayo. Diski na flashi nazo ni data, tena data inayoletwa na mtu yeyote mwenye mkono wa kuichomeka. Kwa upande wa Linux, mashine za Google zinazoitwa syzbot zimekuwa zikitengeneza diski bandia zilizoharibiwa makusudi na kuzipachika usiku na mchana, na zimeibua kasoro nyingi mno kwenye mifumo ya mafaili. Watunzaji wa ext4 na XFS wamesema wazi, zaidi ya mara moja, kwamba kupachika diski iliyotengenezwa na adui si jambo wanaloweza kulitolea dhamana. Wao wenyewe ndio wanaosema hivyo. Sisi tunachomeka tu.

Sasa nije kwenye suala la matunzo, maana ndilo lililonifanya niandike.

Toleo jipya la kerneli ya Linux hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi. Ndani yake watunzaji wanabadilisha wanachotaka: namna ya kushika kurasa za kumbukumbu, namna ya kupachika diski, namna ya kuandika. Kila badiliko la namna hiyo linadai mifumo yote ya mafaili irekebishwe pamoja, ukiwemo ule ambao mwenyewe alishaondoka na hakuna aliyebaki na diski ya kuujaribia. Fikiria wewe ni mtunzaji, unataka kuboresha kitu kwa ajili ya seva za leo, unalazimika kwanza kugusa msimbo wa mwaka 2001 usioujua na usioweza kuujaribu. Mwisho unachoka, unapendekeza uondolewe. Simlaumu.

ReiserFS, mmoja wa mifumo hiyo ya mafaili, ndiyo iliyopatwa na hilo. Iliingia kwenye kerneli mwaka 2001, ikiwa ya kwanza yenye jarida (daftari la kazi zinazoandikwa, ili umeme ukikatika ziweze kumaliziwa) katika Linux rasmi, na SUSE, wasambazaji wa Linux, waliifanya chaguo lao la kawaida hadi mwaka 2006. Waliojenga seva kwa SUSE enzi hizo, mjini hapa wakiwemo, waliipata bila kuiomba. Mwaka 2022 ilitangazwa kuwa inaelekea kuondolewa, na toleo 6.13 la Januari 2025 lilitoka bila ReiserFS. Ukiipa kerneli ya leo diski hiyo itakujibu kwamba haijui aina hiyo ya mfumo wa mafaili, na basi.

Ipo nyingine itakayowagusa wengi zaidi. XFS ina muundo wa zamani, wa nne, usio na uhakiki wa data zake za ndani. Watunzaji wake walipanga kuuzima kwenye mipangilio ya kawaida Septemba 2025 na kuuondoa kabisa Septemba 2030. Seva nyingi zilizowekwa kwa matoleo ya mwanzo ya CentOS 7, Linux nyingine ya seva, zina muundo huo, na CentOS 7 yenyewe iliacha kupata masasisho tarehe 30 Juni 2024. Najua mnazo, nimeziona. Waambieni vijana wenu waendeshe amri ya xfs_info kwenye kila diski na waangalie mahali palipoandikwa crc. Pakiwa na sifuri, diski hiyo iko kwenye orodha ya kuondolewa.

Wala si ukongwe peke yake unaoutoa mfumo ndani ya kerneli. Bcachefs, mfumo mpya wa mafaili, ilipokelewa katika toleo 6.7, Januari 2024, na kabla ya mwaka 2025 kwisha ilikuwa imetolewa, kwa mivutano ya namna ya kufanya kazi kati ya mwandishi wake na wenzake. Mtu aliyeweka mafaili yake humo hakukosea lolote.

Ila kuna upande mmoja ambao kerneli ya Linux haibadiliki hovyo, nao ni ule unaoelekea kwa programu za kawaida. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ana kanuni asiyoilegeza: kerneli mpya isivunje programu iliyokuwa ikifanya kazi jana. Ndani, watu wanabomoa na kujenga kila wiki, lakini mlango wa nje unabaki palepale. Hii ndiyo hoja yangu yote. Msimbo wa ReiserFS ukikaa ndani unahitaji mtu wa kuukimbiza na kila toleo jipya. Ukikaa nje, unategemea tu kikusanyi cha lugha ya C (kinachogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) na mlango ambao mwenye nyumba ameahidi kutouhamisha. Kazi ya matunzo haiishi, lakini inapungua hadi kiasi ambacho watu wawili watatu wanaweza kuimudu.

Mabishano haya ni ya zamani. Mwaka 1992 Andrew Tanenbaum, mwalimu wa chuo kikuu huko Amsterdam na mwandishi wa mfumo endeshi wa Minix, alimwambia Torvalds hadharani kwamba kurundika kila kitu ndani ya kerneli ni kurudi nyuma. Torvalds alibaki na msimamo wake, Linux ikaenea duniani, lakini kidogo kidogo milango ikafunguliwa. Mwaka 2005, katika toleo 2.6.14, iliingia FUSE iliyoandikwa na Miklos Szeredi: njia ya kerneli kupokea ombi la kusoma faili na kulipeleka kwa programu ya kawaida ilijibu. Wenye Linux ya Ubuntu waliokuwa wakisoma diski za Windows kwa miaka ile walikuwa wakitumia NTFS-3G, ambayo ni programu ya FUSE, wala hawakujua. Na simu za Android mlizonazo mfukoni, kuanzia Android 11 ya mwaka 2020, picha na nyaraka zenu kwenye hifadhi ya pamoja zinapitia FUSE.

FUSE inatupa mlango. Swali ni nani asimame nyuma ya mlango huo, na hapa ndipo nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kuna njia inayovutia wauza mifumo: kuandika kisomaji kipya kutoka mwanzo. Atakuja mtu na wasilisho zuri, atawaambia kampuni yake itaandika programu ya kusoma ReiserFS kwa miezi sita. Mkatalieni. Muundo wa diski una pembe nyingi ambazo hazikuandikwa popote isipokuwa ndani ya msimbo wenyewe. Jarida lililoachwa nusu umeme ulipokatika, faili lililofutwa likiwa bado limefunguliwa, saraka yenye maelfu ya majina: kisomaji kipya kitasoma diski safi ya maonyesho na kuangukia kwenye diski yenu. Mkiwa na waandishi wawili wa muundo mmoja, mtakuwa na tafsiri mbili za diski moja. Watu wa XFS walilijua hilo. Msimbo wao wa msingi uitwao libxfs unatumika ndani ya kerneli na pia kwenye zana zao za kukarabati diski, na kila marekebisho yakiingia upande mmoja yanapelekwa upande wa pili.

Njia ninayoiombea ni kuchukua msimbo wa kerneli wenyewe na kuuendesha nje. Inawezekana, na imefanyika muda mrefu. Upande wa NetBSD, mfumo endeshi mwingine, Antti Kantee alijenga kitu alichokiita rump, ambapo draiva za kerneli, zikiwemo za mifumo ya mafaili, zinaendeshwa ndani ya programu ya kawaida karibu bila kuguswa. Upande wa Linux kuna LKL (Linux Kernel Library), kazi iliyoanzishwa na Octavian Purdila na wenzake na kuelezwa hadharani mwaka 2010. LKL inaichukulia programu ya kawaida kana kwamba ni aina mpya ya kompyuta: kerneli nzima inakusanywa kuwa maktaba, inaomba kumbukumbu na saa kutoka kwa programu inayoibeba, na pale ambapo programu ingepiga mwito wa mfumo, yaani kuomba huduma kwa kerneli, inaita tu kitendaji, yaani kipande cha msimbo kilichomo humohumo. Msimbo wa ext4 au XFS uliomo humo haujui kwamba uko nje. Ndani ya LKL kuna zana iitwayo lklfuse inayoiunganisha maktaba hiyo na FUSE, na matokeo yake ni kwamba mtumiaji asiye na mamlaka yoyote anapachika diski na kufungua mafaili kama kawaida, huku kerneli halisi ya seva ikiwa haijagusa hata herufi moja ya diski ile. Miti ya LKL iliyojengwa juu ya kerneli za zamani bado inabeba msimbo wa ReiserFS.

Kuna pia libguestfs, inayowasha kompyuta ndogo ya kubuni yenye kerneli yake na kuisomesha diski humo. Ni nzito kidogo, ila ipo tayari kwenye mafurushi ya kawaida ya programu za Linux na ofisi isiyo na fundi wa kujenga LKL ianze nayo wiki hii. Sina ugomvi na anayeichagua.

Mwenye macho ataniuliza: si bado unaendesha kerneli ya zamani? Ndiyo, na matundu yake imekuja nayo. Tofauti ni mahali inapokaa. Inakaa ndani ya programu moja, chini ya mtumiaji asiye na haki ya kitu chochote, bila mtandao, ikisoma nakala ya diski. Diski mbovu ikiishika, itaua programu hiyo moja. Mwenye nia mbaya akipenya, atajikuta kwenye chumba kisicho na dirisha. Leo akipenya anakuwa mwenye seva.

Hapo kwenye "nakala ya diski" nisimame kidogo, kwa sababu nimeona ushahidi ukiharibiwa kwa nia njema. Watu wengi wanaamini ukipachika diski kwa kusoma tu, haiandikwi. Sivyo. Seva iliyozimika ghafla, na mji huu tunajua kuzima ghafla, inaacha jarida lenye kazi pungufu. Ukiipachika ext4 ya namna hiyo, hata kwa kusoma tu, kerneli kwanza itamalizia kazi za jarida, yaani itaandika kwenye diski, mpaka uiambie waziwazi isifanye hivyo au diski yenyewe iwe imezuiwa kuandikwa. Kama diski hiyo ina hoja ya ukaguzi au kesi mahakamani, umeshaigusa. Utaratibu sahihi ni kuinakili diski nzima kuwa faili moja, kuchukua alama ya uhakiki ya nakala hiyo (namba inayobadilika data ikiguswa), kuifungia ile ya asili kabatini, kisha kuisomesha nakala kwa programu. Mkishazoea kufanya kazi na mafaili ya nakala, sababu ya kumpa fundi mamlaka yote ya seva ili asome diski inaondoka yenyewe.

Pingamizi la kasi nalijua, na ni la kweli. Kila ombi linatoka kwa programu, linaingia kerneli, linatoka tena kwenda kwa programu ya FUSE, kisha linarudi njia hiyohiyo. Utafiti uliotolewa kwenye FAST, mkutano wa watafiti wa hifadhi za data, mwaka 2017 ulionyesha kwamba hasara inaanzia kitu kisichoonekana kabisa hadi asilimia 83, kutegemea kazi yenyewe na vifaa. Tangu hapo pamefanyika marekebisho: toleo 6.9 la mwaka 2024 liliruhusu kusoma na kuandika kupite moja kwa moja kwenye faili la chini, na 6.14 la mwaka 2025 likaleta mawasiliano ya haraka zaidi kwa io_uring, njia ya programu na kerneli kupokezana kazi. Lakini sitaki kubishana kwa namba hizo. Simwombi mtu yeyote ahamishie nje diski ya hifadhidata inayohudumia wananchi saa hizi. Hiyo ibaki kwenye ext4 au XFS mpya, ndani ya kerneli, iliyosasishwa. Naongelea diski inayofunguliwa mara chache kwa mwaka, mtu anapodai pensheni au kiwanja. Huyo mzee wa kiwanja ameshasubiri miezi. Dakika za ziada za kunakili hazitamuumiza.

Mtasema pia: kwa nini tusihamishe data zote mara moja, tuachane na habari za kusoma ya zamani? Hamisheni, tena haraka. Ila kuhamisha ni kusoma, na kusoma kunahitaji msimbo huuhuu. Na data haziishi siku ya kuhamisha. Serikali ilipohamia Dodoma, vingi vilivyobaki Dar vilibaki stoo. Katika stoo moja nilikuta seva imefunikwa nailoni, iko juu ya meza mbovu, bado inawaka, karatasi imebandikwa kwa selotepu: USIZIME, INA MAFAILI YA 2004. Aliyeiandika alishastaafu. Hakuna aliyejua nywila, na hakuna aliyethubutu kuizima kwa sababu hakuna mwenye uhakika kama itawaka tena. Mashine za namna hiyo zitaendelea kufumuka kila ofisi inapohama au kupaka rangi.

Na sheria haiwapi nafasi ya kusema hatukujua. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 inawabebesha wakuu wa ofisi za umma jukumu la kutunza kumbukumbu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za watu zilindwe. Seva yenye kerneli kongwe iliyoachwa ili kumbukumbu zisomeke inatimiza ya kwanza kwa kuvunja ya pili. Mkizima mashine mnageuza kibao. Mtazitii zote mbili pale tu msomaji wa diski atakapotengana na kerneli ya seva.

Kuhusu watu na fedha nitasema kwa uwazi, kwa sababu hapo ndipo barua za namna hii hufia. Bajeti zetu zina fungu la kununua. Seva mpya inapitishwa, ina picha, ina uzinduzi na kukata utepe. Mtu wa kukaa na msimbo wa C wa zamani na kuhakikisha kwamba bado unakusanyika baada ya kikusanyi kubadilika hana uzinduzi. Naomba nafasi tatu, za kudumu, mahali pamoja panapohudumia taasisi zote badala ya kila ofisi kuhangaika na kijana wake mmoja ambaye mwezi ujao anapata kazi benki. Kituo kikiwa chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao ni sawa, kikiwa chuoni ni sawa pia. Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapahapa Kijitonyama, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) iko katikati ya mji, na kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanahangaika kutafuta mradi, wanaishia kuandika mfumo mwingine wa kusajili wapangaji. Wapeni huu.

Kazi yao ya kwanza iwe kukusanya diski ndogo za majaribio: moja kwa kila muundo tunaoukuta kwenye ofisi zetu, yenye mafaili yanayojulikana na alama zao za uhakiki, nyingine zikiwa zimekatwa umeme makusudi katikati ya kuandika. Kila programu ikijengwa upya, izisome zote, na matokeo yalinganishwe. Bila hilo, mwaka wa tatu hakuna atakayejua kama programu bado inasoma sawasawa au inatoa takataka kwa ujasiri. Wakikuta kasoro wairekebishe na kuipeleka kwa wenye mradi wa LKL, na kwa kerneli yenyewe pale ambapo msimbo bado umo. Tumetumia kazi za watu hawa bure kwa zaidi ya miaka thelathini. Kuwarudishia viraka vichache si fadhila.

Kuna jambo moja nisilokubaliana nalo hata kidogo, nalo ni agizo la "kuzima matundu yote ya flashi" linalotolewa kila baada ya tukio na kuishia hapo. Wananchi wataendelea kuleta flashi, CD, kadi za kamera na diski za nje, kwa sababu ndivyo ushahidi na vielelezo vinavyofika kaunta. Wekeni kompyuta moja ya mapokezi, isiyo na uhusiano na mtandao wa ndani, ambamo vifaa hivyo vinasomwa na programu ya kawaida na mafaili kupitia ukaguzi kabla ya kwenda ndani. Kompyuta ya zamani ya mezani inatosha.

Mwongozo wa bajeti ya mwaka ujao ukifika mezani kwenu, orodha iwe tayari. Jumatatu waambieni vijana wenu wapite kwenye kila seva na kila stoo, pamoja na zile za majengo mliyoyahama, waandike vitu vitatu: kerneli ni toleo gani, mfumo wa mafaili ni upi, na kwa XFS, crc inasoma ngapi. Mkikuta ReiserFS, msiizime mashine na msiisasishe kabla ya kuinakili diski nzima. Orodha hizo mkizileta pamoja, hata bila majina ya ofisi, tutajua ni miundo mingapi ya kuanza nayo na nafasi tatu zinatosha au la.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa seva,
Kijitonyama, Dar es Salaam